Matumbo ya Jumamosi

Mwezi uliopita niliaga kazi ya unesi, na binti yangu Neema akaniuliza ningependa anipeleke kula wapi. Nikamtajia mkahawa mmoja wa Kirumi ulioko Clerkenwell. "Italian, Mum? Really? I thought you'd want nyama choma," akaniambia, kwa sababu Neema Kiswahili anakisikia chote lakini kukujibu hujibu kwa lugha ya shuleni kwake. Nilimwambia nyama choma haikimbii, aagize meza. Tulipofika, foleni ilikuwa imepita mlango wa duka la jirani, vilevile kama zamani, na ndani mlikuwa na kelele zilezile, karatasi nyeupe mezani badala ya vitambaa, na ubao wa vyakula vya siku ulioandikwa kwa chaki na mtu mwenye haraka. Tukapewa meza ya ukutani. Sahani zilipoletwa, mjukuu wangu Mghoi, ambaye ana miaka sita na haogopi mtu, alichoma uma kwenye tambi zake kabla ya yeyote. Neema akamdaka mkono. "Mghoi! Wait for Nyanya. Nyanya starts first." Hapo nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikavua miwani, na nilipoivua nikagundua kwamba yale machozi hayakuwa ya kucheka peke yake. "Mum? Are you all right?" Nikamwambia amwachie mtoto ale, mengine nitamweleza njiani. Lakini treni ya London si mahali pa kusimulia habari yenye matumbo ndani yake, abiria wote wamenyamaza wanakusikiliza wewe, kwa hiyo nimeona niiandike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeomba nafasi katika chuo cha unesi, na nilipokuwa nangoja jibu niliajiriwa na kampuni moja ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Nilipanga chumba Hounslow kwa Auntie Pauline, mama Mkamba wa Machakos aliyefanya usafi kwenye uwanja wa ndege na aliyejua kanuni za nchi hii kuliko wenye nchi. Chumba kilikuwa juu kabisa, chini ya paa: kitanda, kabati lisilofunga, na dirisha lililotetemeka kila ndege ilipopita, nazo zilipita tangu kupambazuka. Jikoni kwake Jumapili kulinukia chapati, na siku nyingine kulinukia dawa ya kusafishia, kwa maana kazi yake ilimfuata hadi nyumbani. Alinipenda kwa njia yake ya kunikosoa. "Wakio, hapa usiwe na huruma ya kijijini," alikuwa akiniambia huku akinijazia sahani. "Unafanya care plan vile imeandikwa, una-sign, unaenda. Finish." Nilimwitikia ndiyo Auntie, na kila siku nikapanda treni ya saa nne na nusu hadi kwa Mzee Ettore.

Ettore alikuwa Mrumi wa mtaa wa Testaccio, jirani na machinjio ambako baba yake alifanya kazi maisha yake yote. Yeye alikuwa amekaa London miaka arobaini akinyoa vichwa vya watu, na bado alikuwa na mikono ya kinyozi, safi na isiyotulia. Mkewe alikuwa amefariki miezi mitatu kabla sijamjua. Aliishi ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko, na hilo jiko ndilo nililolijua vizuri: meza yenye plastiki ya manjano, viti viwili, dirisha la kuelekea ukuta wa matofali, na nyuma ya mlango aproni ya marehemu ambayo hakuna aliyethubutu kuitungua. Ettore alizungumza Kiingereza cha kinyozi, mimi changu kilikuwa cha shule ya kwetu Wundanyi, tukawa tunakutana katikati. Nilimwita Mzee. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akafikiri kidogo. "Hapa uzee ni ugonjwa," akasema. "Kwenu ni cheo?" Nikamjibu kwamba ni cheo. Akaniambia basi niendelee.

Kazi yangu ilikuwa fupi na ilinishinda. Niingie saa sita, nipashe chakula ambacho binti yake Carla alikuwa amekipika na kukigandisha, nimpe ale, nioshe vyombo, niandike daftarini. Naye hakuwa anakula. Hapa lazima nieleze adabu zangu, kwa sababu nilijivunia sana, na hata leo nikijitazama sioni kosa katika adabu hizo. Mimi nililelewa kwamba kijana hagusi chakula kabla ya mkubwa kuanza, na wala hakai akimkodolea macho mkubwa anavyotafuna. Kwa hiyo niliweka sahani mezani kwa mikono miwili, nikamkaribisha, nikarudi mlangoni nikasimama nimetazama dirishani. Baada ya dakika kumi nikigeuka, sahani ni ileile. Naipasha moto, naiweka tena, nasimama tena. Siku ya kwanza alinyoosha kidole kwenye kiti cha pili akaniuliza, "Na wewe, huli?" Nikakataa, kwa kawaida, nani anakubali chakula akikaribishwa mara moja tu? Nilitegemea anishurutishe, nikatae tena kidogo, kisha tuone. Hakunishurutisha. Na isitoshe kampuni ilikataza mhudumu kula chakula cha mteja. Basi nikaandika daftarini: Hakula. Kesho yake: Hakula. Mhudumu wa jioni naye, msichana wa mbio aliyekuja na koti na kuondoka na koti, aliandika hivyohivyo. Mzee aliishi kwa mkate aliouchovya kwenye kahawa asubuhi akiwa peke yake, na maziwa na biskuti kabla ya kulala, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Mimi niliamini kwamba anamfuata mkewe taratibu, na nilikuwa nikimwonea huruma ile ya kijijini niliyokatazwa.

Siku moja ya Alhamisi, mwezi wa pili, Carla alikuja kutoka Kent anakoishi. Mimi nilikuwa naosha vyombo ambavyo havikuwa na uchafu wowote. Carla alisimama kwenye kijia cha ndani akipiga simu, na kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Nilimsikia akisema ndiyo, amepungua tena. Ndiyo, mwisho wa mwezi wa tatu mtakuja na mizani. Akiwa ameshuka zaidi, basi, kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu, chumba kipo, kinatazama bahari. Kisha nilimsikia akipenga kamasi. Nilipogeuka, Ettore alikuwa ameketi mahali pake, sahani mbele yake, anaitazama ile aproni ya nyuma ya mlango. Alikuwa amesikia yote. "Bahari," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hata kuogelea sijui." Nilitaka kulia. Mimi nikikosa la kusema huuliza habari za chakula. Nikamwuliza, kama wangemwambia achague kimoja tu, angechagua nini? Akanijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akingojea swali hilo. "Leo Alhamisi, ni gnocchi, vile vidonge vya viazi. Kesho ni samaki wa chumvi. Jumamosi, trippa." Nikamwuliza trippa ni nini, akajipigapiga tumbo, kisha akachora hewani kitu kama taulo lenye mashimo. Nikaangua kicheko. "Matumbo! Mzee, kumbe na nyinyi mnakula matumbo?" Akaudhika. Akaniambia Roma walikuwa wakila matumbo kabla ya watu wote. Nikamwambia amejuaje, alifika Wundanyi? Ndiyo mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti.

Akanieleza habari ya robo ya tano. Kule machinjioni, alisema, ng'ombe aligawanywa robo nne, nazo zikaenda kwa wakubwa, kila mtu kwa cheo chake. Kilichobaki, mkia, ini, utumbo, ulimi, kiliitwa robo ya tano, na hicho ndicho wachinjaji walichopeleka nyumbani, wake zao wakakipika mpaka wakubwa wenyewe wakaanza kuja kuonja. Nami nikamweleza kwamba kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na kwamba mama zetu ndio waoshaji wa matumbo, kwa hiyo nimeyajua tangu utotoni, kwa pua kabla ya ulimi. Alinisikiliza kwa makini kabisa. Akasema kuna mahali, mitaa miwili tu kutoka hapo, kwa Mama Assunta, ambako yeye na mkewe walikuwa wakila matumbo kila Jumamosi. Tangu afariki hajakanyaga. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na viatu vya kutembelea.

Alivaa tai. Tulitembea polepole, yeye na fimbo, mimi na mwavuli, na kwenye foleni watu walimpisha, kwa sababu mwenye mkahawa alimwona kupitia kioo akatoka na aproni yake akamkumbatia palepale barabarani. Mama Assunta alikuwa mfupi, mpana, mwenye nywele zilizofungwa kwa kitambaa kama mama wa sokoni, na alipiga kelele badala ya kuzungumza. Ndani kulikuwa na dari la chini na joto la kutosha kuyeyusha mafuta ya nywele. Watu walibanana bega kwa bega, divai iko kwenye majagi ya udongo, na kutoka jikoni kulisikika mtu akigombana na sufuria. Meza ya nyuma yetu walikuwa wanabishana kama mtoto wao aoe au angojee kwanza apate nyumba. Hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Sahani mbili zikaja, mchuzi mwekundu, jibini imemwagwa juu kama unga, na kwenye mvuke harufu iliyonishtua: mnanaa! Kwenye matumbo! Nikafikiri labda ni makosa ya jikoni. Lakini mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Niliketi wima, mikono mapajani, macho chini, nikangoja Mzee aanze.

Nikangoja. Mvuke ukapungua. Nilimchungulia kwa jicho la pembeni: naye alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, macho chini. Nikasema moyoni, maskini, amemkumbuka mkewe, nimemleta kwenye kidonda chake mwenyewe. Jibini ikaanza kugandamana. Wale wa nyuma yetu waliacha habari za harusi wakatutazama sisi. Ndipo Mama Assunta akatoka jikoni na kijiko cha mti mkononi. "Ettore! Matumbo yangu yana nini?" Ettore akasema hayana kitu. "Mbona huli?" Akajibu, kana kwamba jambo liko wazi kwa kila mtu, "Namngoja msichana." Mama Assunta akanigeukia mimi. "Na wewe?" Nikamwambia, "Namngoja Mzee." Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaweka kijiko juu ya meza akashika kiuno na kucheka kicheko ambacho kilimtoa mtu wa sufuria jikoni.

Ettore hakucheka. Alikuwa ananitazama. Akaniuliza kwa upole kabisa kama, nyumbani, nilipokuwa nikisimama pale mlangoni, nilikuwa nangoja vilevile. Nikamwambia ndiyo, siku zote. Akafunika uso kwa mkono. "Wiki saba," akasema. "Mimi nitakulaje na mwanamke amesimama? Baba yangu angefufuka anizabe kofi. Nilikukaribisha, ukasema hapana." Nikamwambia nilisema hapana mara moja tu! Wiki saba yule mzee alikuwa akinionyesha heshima, na mimi nikimwonyesha heshima, na chakula cha Carla kikawa kinaingia kwenye pipa. Sisemi huzuni haikuwapo. Ilikuwapo, na ndiyo iliyomfanya asiwe na nguvu ya kunishurutisha. Lakini daftari lilikuwa limeandika Hakula, na daftari ndilo lililokuwa likimpeleka baharini.

"Mmoja wenu akose adabu," alisema Mama Assunta, "au nazimwaga zote." Ettore alikunja mikono kifuani. Nikajua hatanyanyua uma, hata wampe bahari na mashua yake. Basi ilikuwa juu yangu, na sijui kama naweza kumweleza mtu asiyelelewa nilivyolelewa. Nilihisi macho ya nyanya yangu yote mawili kwenye kisogo changu. Nikafikiria ile mizani, nikapiga moyo konde, nikachoma uma, nikala mbele ya mkubwa ambaye hajaanza. Matumbo yalikuwa laini, yamepikwa mpaka yamesahau yalikotoka, na ule mnanaa, niliokuwa nimeudharau, uliyapitia kama dirisha limefunguliwa. Nilipoinua macho, Ettore alikuwa tayari anatafuna. Alikula yote. Kisha akakata mkate, akaipangusa sahani mpaka ikang'aa, akanitazama nifanye vivyo hivyo. Daftarini siku ile niliandika ukweli wote, kwa sababu mimi kudanganya kwenye karatasi siwezi: Amekula sahani nzima na mkate. Mimi nilianza.

Auntie Pauline nusura aanguke na bakuli. "Umekula food ya client? Na ukaandika? Kwa daftari? Wakio, watakufuta kazi, na barua ya college hata haijakuja! Kula ungekula basi, lakini mbona uandike?" Nikamwambia Auntie, nisipoandika watasema ameanza kula bila sababu, na nikiondoka ataacha. Alinipa kisogo akaendelea kuosha vyombo. Baadaye nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mwenzake kwenye simu, kwa Kikamba, na mimi Kikamba nakisikia kidogo, kwamba ana msichana mpumbavu nyumbani mwake na anamwombea. Tangu Jumatatu ile nilivuta kiti cha pili. Kila siku niliketi, nikaanza, naye akafuata, na kila siku niliandika.

Mwisho wa mwezi wa tatu wakaja wote kwenye lile jiko dogo: Carla, ofisa wa ustawi wa jamii, na msimamizi wangu wa kampuni na mizani yake. Msimamizi alikuwa na daftari mkononi, kidole kwenye ukurasa. Akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli nimekuwa nikila chakula cha mteja. Nikasema ni kweli, kila siku, na huwa naanza mimi. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, nikarudia habari ya nyanya yangu mara mbili. Ettore akasimama. Akasema yeye hali na askari mlangoni. Akipewa mtu wa kukaa naye, anakula, asipopewa, wampeleke baharini wakamtupe humo. Kisha akapanda kwenye mizani bila kushikwa. Ilikuwa imepanda. Carla alisoma namba ile, akatazama kiti cha pili, akatazama aproni ya mama yake, na akalia kwa sauti. "Kumbe alikuwa anangoja," akasema. Yule ofisa aliketi, akafungua mpango wa huduma, akaandika: mhudumu aketi mezani, aanze kula, na ale pamoja naye. Nimesoma karatasi nyingi za hospitali tangu siku hiyo, na sijaona amri nzuri kuliko ile. Ettore alibaki kwake. Aliishi humo miaka minne zaidi na kufia kitandani mwake.

Miezi iliyofuata nilinenepa. Sina njia nyingine ya kusema. Alhamisi alinifundisha kuviringisha gnocchi kwa mgongo wa uma, na vyangu vilitoka kama vidole gumba. Mimi nilimpikia sima, akasema ni ugali wa njano wa kaskazini mwa kwao umevaa nguo nyeupe, akaimaliza. Nilimpikia matumbo ya Wundanyi bila mnanaa, kwa kitunguu na dania, akala kwa heshima kisha akaniuliza kwa upole kama nimesahau kitu. Jumamosi tulikuwa kwa Mama Assunta, meza ya ukutani, na watu wa foleni walitujua. Mwezi wa saba barua ya chuo ikaja. Nimepata nafasi, kaskazini mwa nchi. Auntie Pauline alipika chapati siku ambayo haikuwa Jumapili. Nilifurahi, na nikaogopa kumwambia Mzee, na nilipomwambia alinyoosha kola yangu kwa ile mikono ya kinyozi akasema nesi lazima awe nadhifu.

Jumamosi yangu ya mwisho ilikuwa mwezi wa tisa. Alivaa ileile tai. Sahani mbili zikaja, mvuke, jibini, mnanaa. Nilikwisha zoea, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye uma. Ettore akaufunika kwa mkono wake. "Ngoja," akasema. Akashika uma wake yeye. Nikamtazama mzee yule ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutangulia kula mbele ya mwanamke, na Mama Assunta akasimama mlangoni pa jiko na kijiko chake bila kupiga kelele hata moja. Alichoma, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akameza, macho yake usoni pangu muda wote, na aibu yote ya baba yake imemjaa mashavuni. "Mzee ameanza," akaniambia. "Sasa kula, binti yangu. Kama kwenu." Nilikula, nilikula nikilia, na mkate nikaupangusia sahani.

Ndiyo maana, Neema, nilikwambia umwachie mtoto ale.